Fundi wa Nyuma ya Shuka

Siku Ocen alipoanza kujifunza useremala kwa mama mkwe wake, alikohoa sana mpaka Zulaikha, muuza chai wa ng'ambo ya barabara, akamletea tangawizi. Hakuwa na kikohozi. Alikuwa na adabu. Kwao Waacholi mwanamume haingii kwa mama mkwe wake kimyakimya kama mwizi wa kuku. Hupiga hodi kwa koo, ili mama wa watu apate muda wa kujiweka sawa, au kujificha, au kumpa yeye nafasi ya kujificha. Sasa karakana ile ya chini ya kilima cha Mbuya ilikuwa na mlango mmoja, choo kilikuwa nyuma, na mama mkwe alikuwa mtu wa chai nyingi. Kwa hiyo Ocen alikohoa akiingia, akakohoa akitoka, na akakohoa hata alipokuwa anafikiria kutoka.

Zulaikha alimsimamia mpaka akaimaliza ile tangawizi. Yeye alikuwa Mnubi, babu yake aliletwa Uganda na bunduki ya Mwingereza, na adabu za kwao zilikuwa nyingine. "Mkwe," alimwambia, maana Lakot, mama mkwe mwenyewe, alikuwa shoga yake na mkwe wa shoga ni mkwe, "kwa mwendo huu mtamalizia useremala wenu hospitali ya kifua."

Ocen alicheka kwa heshima. Kucheka kwa heshima alikuwa na uzoefu nako, kwa sababu alikuwa mlinzi wa duka kubwa mjini, akikagua mikoba ya mabibi mlangoni, mpaka duka lilipoamua kununua kamera. Kamera hazili chakula cha mchana. Tangu hapo alikaa nyumbani akiwaosha watoto na kungoja simu ya wakala mmoja aliyekuwa anapeleka walinzi Uarabuni. Mkewe, Anena, alikuwa amesikia habari za wanawake ambao waume zao walikwenda kulinda milango ya Uarabuni wakarudi wakiwa hawawajui tena watoto wao, wengine wakarudi na mke mwingine, wengine hawakurudi. Ndipo akaenda kumwomba mama yake.

Lakot alikubali kabla binti hajamaliza kuomba. Watu walishangaa. Mjane huyo aliyefundishwa kazi na marehemu mumewe, seremala wa jeshi, alikuwa amekataa wanagenzi wengi, vijana wazuri wenye mikono myepesi, walioletwa na mama zao wakiwa wamepakwa mafuta kama wanaokwenda kubatizwa. Wote aliwarudisha. Halafu akamchukua mkwe, mtu wa miaka zaidi ya thelathini asiyejua randa ni ya kusukuma au ya kuvuta.

Aliweka sharti moja. Katikati ya karakana itafungwa waya, na kwenye waya litatundikwa shuka la kitanda, la buluu, lenye maua. Yeye atakuwa upande wa ndani, mkwe upande wa mlangoni. Asimwone, asionwe. Wazee waliposikia hayo walimsifu kanisani. Walisema bado wapo wanawake wanaojua kuona haya, hata katika Kampala hii ambamo mkwe na mama mkwe wanapanda bodaboda moja, tumbo kwa mgongo.

Na mkataba ulikuwa mwepesi kueleweka. Kulikuwa na kitanda cha mvule, cha harusi, kilichoagizwa na bibi mmoja wa juu kilimani kwa ajili ya binti yake. Ocen atajifunzia kitanda hicho. Kitanda kikimalizika, Lakot atasema kama mtu huyu anafaa kubaki karakana au apande ndege.

*

Basi wakaanza, na kama mtu anataka kujua namna ya kumfundisha mtu kazi bila kumwona, aende akaulize Mbuya.

Lakot alifundisha kwa masikio. Ocen alipopiga randa, sauti ya upande wa pili ilisema, si kwa Ocen, bali kwa Anena aliyekuwa anasugua msasa pale pembeni, kwamba amwambie mumewe randa inalia kama mtoto aliyenyimwa ziwa, apunguze makali yaliyotokeza. Anena alimgeukia mumewe, aliyekuwa amesikia kila neno kwa kuwa shuka si ukuta, akamwambia kwamba mama anasema apunguze makali. Ocen alimwambia Anena amwambie mama amesikia. Anena akamwambia mama kwamba amesikia. Mama akasema vizuri. Anena akasema mama anasema vizuri. Kwa njia hiyo kukata ubao mmoja kulichukua muda wa kukata mti.

Kipande kilipokwisha, Ocen alikisukuma juu ya meza ndefu ya kazi, kikapita chini ya shuka, kikapotea. Kisha alisikia nyundo ya mbao ikigonga kule ndani, to, to, to, mapigo ya mtu mwenye uhakika na maisha yake. Alisikiliza kwa wivu. Alijua fundi anatengeneza vipande halisi vya kitanda, na vile vyake, kama alivyoambiwa na mkewe, vinawekwa upande wa kuni. Aliuliza siku moja kama hata kimoja kilifaa. Jibu lilizunguka kwa Anena, likarudi kwamba mama anasema vinaungua vizuri.

Aibu nyingine zilikuja zenyewe bila kutafutwa. Mkwe hali mbele ya mama mkwe, kwa hiyo ugali wake wa posho na maharage aliulia nyuma ya kibanda cha Zulaikha, amesimama, kama askari anayeiba chakula cha wafungwa. Walipita mabibi aliowahi kukagua mikoba yao. Mmoja alisimama kabisa, akamfungulia mkoba wake, akamwambia, "Angalia, ssebo, bwana mlinzi, leo nimeiba," akaenda zake akicheka na mwenzake. Ocen alitafuna maharage yake. Alifagia maranda kila jioni upande wake wa shuka, akayajaza kwenye magunia ya wafuga kuku, na vumbi lilimkaa kwenye nyusi mpaka watoto wake wakamwita babu.

Kila Jumapili alikuja Obwona. Huyu alikuwa kaka wa marehemu, polisi mstaafu, mwenye tumbo lililobaki kazini baada ya yeye kustaafu. Kwenye matanga ya nduguye ukoo ulikuwa umekubaliana kwamba Lakot atakaa na karakana maadamu mikono yake inafanya kazi; siku itakaposhindwa, kiwanja kitarudi kwa Obwona. Obwona alikuwa ameshapata rafiki wa kukigeuza mahali pa kuoshea magari. Kwa hiyo alikuja kumsalimu shemeji yake kwa upendo mwingi, akimuuliza kuhusu mgongo, magoti na macho, kama daktari anayepima ng'ombe wa kuchinjwa.

"Shemeji, bado iko na nguvu?" alikuwa akiuliza kwa Kiswahili chake cha polisi.

"Ninazo za kukupa na wewe," Lakot alijibu kutoka nyuma ya shuka, na nyundo ikagonga, to, to, to. Obwona alisikiliza, akatikisa kichwa, akaenda zake akiwa amekunywa chai ya bure.

*

Mkasa ulikuja na mvua. Anena alikuwa ameteremka sokoni Kikuubo kununua vanishi na skrubu, na karakana ikabaki na watu wawili wasioruhusiwa kusemezana. Kichwa cha kitanda, ubao mkubwa wa mvule uliotiwa gundi asubuhi, kilikuwa kimesimamishwa juu ya meza, nusu huku nusu kule, kimefungwa kamba kingoje kukauka. Ocen alikuwa amekisaidia kusimama kwa upande wake; nani alikishika upande wa pili hakuona.

Upepo uliingia mlangoni bila kukohoa. Ulilijaza shuka, msumari wa waya ukang'oka, na maua yote yale ya buluu yakaruka mpaka darini. Mtu mwingine angeangalia. Ocen alifumba macho, akayabana, akageuza uso ukutani, maana alikuwa mkwe mwema. Ndipo akasikia kamba inakatika, na mvule ukaanza kulalia upande ule wa mama mkwe.

Alinyoosha mikono bila kuona. Mkono mmoja ulikamata ubao. Mwingine ulikamata kitu ambacho hakikuwa ubao. Kilikuwa na joto, kilikuwa na vidole, na kilikuwa kinatetemeka kama kifaranga kilichokamatwa.

Walikaa hivyo kitambo, wote wawili wameshikilia kichwa cha kitanda cha harusi ya watu, mpaka ubao ukarudi mahali pake. Halafu kukawa kimya. Hakikuwa kimya cha mtu aliyeshtuka; kilikuwa cha mtu anayepiga hesabu kichwani. Kisha Lakot akapiga yowe lililovuka barabara na mvua yake.

"Mkwe amenishika!"

Ocen alikimbia, macho bado nusu yamefumbwa, akagonga mlango, akaingia mvuani.

Mtu asidhani alikimbia kwa ujinga. Waacholi wana haya yao, lakini haya haiui mtu. Waganda wao wana ugonjwa kabisa, wanauita obuko. Wanasema mkwe na mama mkwe wakigusana, mmoja wao, au wote wawili, mikono itaanza kutetemeka na itatetemeka mpaka kaburini isipotafutiwa dawa. Waacholi wa Kampala wamekaa na Waganda muda mrefu, wamejifunza matoke yao na wamejifunza hofu zao. Ocen alijua alichokishika. Alijua kilitetemeka palepale mkononi mwake. Fundi aliyeshika patasi tangu binti yake hajazaliwa, na yeye amemharibu kwa kumgusa mara moja. Seremala bila mikono ni nini? Ni mwosha magari wa Obwona.

*

Anena aliporudi na makopo yake ya vanishi alimkuta mumewe ameketi sakafuni nyumbani, amelowa, watoto wamemzunguka kama maiti. Alimweleza yote, hata habari ya kifaranga. Alisema kesho atampigia simu wakala wa Uarabuni, kwa maana hastahili kukaa nchi moja na mama yake.

Anena alijifunika uso kwa leso. Mabega yake yalitikisika muda mrefu. Ocen aliona machozi ya mke wake, moyo ukamvunjika, akamgusa bega akimwomba asilie. Anena alitoka nje haraka akisema anakwenda kumwona mama, na kutoka kule nje Ocen alisikia sauti ambayo kwa siku nyingine angesema ni ya mtu anayecheka.

Habari ilifika kwa Obwona mapema, kwani Zulaikha alikuwa ameitangaza pamoja na chai. Alituma neno. Kesho yake wazee watakaa karakana, mbuzi atatafutwa, na jambo litasemwa.

Alfajiri Ocen alikwenda kuchukua koti na bakuli lake kabla wazee hawajafika. Mlango ulikuwa wazi, hakukuwa na mtu, na bado alikohoa. Shuka lilikuwa limetundikwa tena, upande upande. Alisimama mbele yake akijiambia kwamba mtu akishalowa haogopi umande, kisha akaona aibu kwa kujisemea maneno ya wazee, akalisogeza, akaingia mahali ambapo mkwe haingii.

Kitu cha kwanza alichoona ni kwamba sakafu ilikuwa safi. Hapakuwa na maranda yaliyojikunja, hapakuwa na unga wa mbao. Mtu aliyefagia kila jioni anajua sakafu iliyofagiwa na sakafu isiyochafuliwa. Msumeno ulikuwa umening'inia ukutani na kutu yake. Ndani ya mdomo wa randa buibui alikuwa amejenga, naye alikuwa ameshazaa. Kulikuwa na kiti chenye mto, redio, chupa ya chai, na mbele ya kiti kisiki cha msonobari kilichopondwa juu mpaka kikawa kama nyama ya kusaga. Nyundo ya mbao ilikuwa imelala juu yake. Ile to, to, to ya mtu mwenye uhakika na maisha yake ilikuwa inatengeneza supu ya kisiki.

Na ukutani viliegemea vipande vya kitanda. Ocen aliinama kutazama mguu mmoja. Aliujua. Pale ndipo msumeno ulipomponyoka akaziba kwa gundi na unga wa mbao akiomba Mungu fundi asione. Alitazama wa pili. Ulikuwa wake. Wa tatu pia. Mbavu, vigingi, ndimi zilizoingia kwenye matundu yake, vyote alivikumbuka kama mtu anavyokumbuka matusi. Hakikuwapo kipande hata kimoja kilichochongwa na mtu mwingine.

"Sasa umeona," alisema Zulaikha. Alikuwa amesimama mlangoni na birika.

Zulaikha akamweleza mwenyewe, bila kuulizwa. Ile mikono ilianza kutetemeka kabla ya Ramadhani iliyopita. Walikwenda hospitali wawili, kisirisiri, Lakot akiwa amevaa buibui la Zulaikha ili watu wa ukoo wasimjue. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, na vidonge vitapunguza lakini havitamaliza. Lakot alitoka pale akafikiria kitu kimoja tu, naye alikuwa Obwona.

"Vijana aliwakataa kwa sababu wana macho. Angewaficha nini? Halafu binti akaja kukuombea wewe. Lakot akaniambia, Zulaikha, Mungu amenipa mwanagenzi asiyeruhusiwa kuniangalia."

Ocen aliketi kwenye kile kiti chenye mto, jambo ambalo kwa desturi lilikuwa baya kuliko yote aliyokwisha kufanya. "Na mke wangu?"

"Nani alikuwa anapeleka maneno?"

"Kwa hiyo nimekohoa bure."

"Hukukohoa bure. Kila ulipokohoa alipata muda wa kuficha mikono." Zulaikha alimmiminia chai. "Na wewe jana ukamshika. Alipokushtaki ni kwamba aliona mlango wa kutokea. Ugonjwa wa mwili ni wa Obwona, unampa kiwanja. Ugonjwa wa mkwe una dawa, unaomba mbuzi tu. Lakini mzigo umekuangukia wewe, nami nilimwambia si haki. Leo utakalosema ni juu yako."

Ocen alikunywa chai. Hasira ilimjia, ikatulia, ikamjia tena. Angeweza kusimama mbele ya wazee akasema fundi wenu anaponda kisiki. Angetoka pale msafi kama yai, na mama mkwe angebaki bila karakana, na yeye, msafi kama yai, angepanda ndege. Aliutazama tena ule mguu wa kitanda. Kiungo kilikuwa kimebana vizuri. Alikisukuma kwa kidole gumba, hakikutikisika.

*

Obwona alikuja na wazee wawili wa ukoo na mbuzi aliyelalamika njia nzima. Lakot alikaa katikati ya karakana, ameupa mgongo mlango, na kwa mara ya kwanza tangu kabla ya Ramadhani mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, mbele za watu, ikitetemeka itakavyo. Alionekana kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Ocen aliwekwa nje ya kizingiti, akiitazama barabara, ili haya isiharibike zaidi ya pale ilipoharibikia. Anena alisimama kati yao.

Tatizo la baraza lile ni kwamba obuko ni ugonjwa wa Waganda, na hapakuwa na Mganda hata mmoja. Hakuna aliyejua dawa yake. Lakini hakuna mzee atakayekuja baraza lenye mbuzi akasema hajui. Obwona alieleza kwamba desturi inataka mbuzi achinjwe na paja liende kwa kaka wa marehemu. Mzee wa kwanza alikumbuka kwamba ini huliwa na mkubwa wa umri. Wa pili, aliyekuwa na meno machache, alisema bila shaka yoyote kwamba desturi inataka supu. Walikubaliana haraka sana, na mbuzi akachinjwa palepale nyuma.

Kisha Obwona akafika alikokuwa anakwenda. Alisogeza kiti, akaitazama mikono ya shemeji yake kwa yale macho aliyokuwa anawatazamia washukiwa.

"Shemeji, hii mikono kweli imeanza jana? Mimi naona hii imezoea kutetemeka."

Anena alianza kusugua vidole. Obwona akasema pole pole kwamba yeye hamlaumu mtu, uzee ni wa kila mmoja, ila yupo daktari wa polisi anayeweza kuja kutazama, na kama ni maradhi ya mwili basi neno lililosemwa kwenye matanga lipo palepale.

Ocen alikohoa pale mlangoni. Wote waligeuka.

Aliomba ruhusa ya kusema, akiwa bado ameielekea barabara, akizungumza na bodaboda zinazopita. Alisema yeye amefanya kazi humu ndani kila siku, na kila siku, mpaka jana mchana, alisikia nyundo ya mama ikigonga sawasawa bila kuyumba. Mzee Obwona mwenyewe aliisikia kila Jumapili. Je, hakuisikia? Obwona alikubali kwamba aliisikia. Basi, alisema Ocen, mkosaji yupo, ni yeye, alimshika mama mkono wake mzima na akausikia ukianza kutetemeka.

Lakot aliinua kichwa kidogo. Hakuwa ametegemea kitu kile kitoke upande ule.

"Lakini wazee wangu," Ocen aliendelea, "mmesema habari ya paja na ini na supu, mkasahau jambo moja kubwa la desturi yenyewe."

Wazee walitazamana. Kusahau jambo la desturi mbele ya mkwe si jambo la kupendeza.

"Nimekwenda kuuliza Waganda, wenye ugonjwa. Mkwe aliyeharibu mikono ya mama mkwe haruhusiwi kuondoka. Ni lazima amwazime yake. Alichokuwa anafanya mama, atakifanya yeye, palepale mama alipokuwa anakifanyia, na mama amwelekeze. Mpaka mikono itulie. Na wakati huo mahali pale hapaguswi na ukoo, kwa sababu atakayepagusa, mtetemo utamhamia."

Obwona alifungua mdomo. Alisema yeye hajawahi kusikia hilo.

"Wallahi hivyo hivyo," Zulaikha alisema kutoka kwenye birika lake, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Hata kule Kisenyi nimemwona mtu wa hivyo. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani. Sasa mkwe anashona magauni."

Mzee wa ini alifikiri, akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema kweli, ndivyo ilivyo, yeye alikuwa anangoja tu mtu mwingine aseme. Mzee wa supu hakutaka kuachwa nyuma. Alisema kwao walikuwa wanalijua tangu utoto.

"Na kama mikono haitulii?" Obwona aliuliza. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji.

"Basi nitakufa nikichonga," alisema Ocen. "Nimekubali adhabu."

Obwona aliwatazama wazee, akawatazama watu wa mtaa waliokuwa wamejaa nje, akaitazama mikono ya shemeji yake. Asubuhi ile ile alikuwa amedai paja kwa desturi hiyo hiyo, na paja lilikuwa limeshafungwa kwenye jani la mgomba. Kulirudisha kungekuwa aibu, na pia alikuwa amemwahidi mkewe. Alisema desturi ni desturi. Alipotaka kusimama, aliangalia pa kuweka mkono ili ajiinue, akaona meza ya kazi iko karibu, akafikiria, akajiinua bila kushika kitu.

*

Walipoondoka wote, wakiwa na nyama na supu tumboni, mvua ilikuwa imeanza tena, ndogo. Kitanda kilikuwa kinangoja na harusi ilikuwa karibu. Ocen aliingia, akatwaa msumeno wake, akasimama kwenye meza akiwa amempa mgongo mama mkwe. Lakot alikuwa bado kwenye kiti. Hakuna aliyekwenda kulivuta shuka lirudi mahali pake.

Kwa muda kulisikika msumeno tu. Kisha Lakot akasema, na safari hii hakumtazama binti yake:

"Kudanganya umejifunza kwa asubuhi moja. Kuchonga je?"

Msumeno ulisimama. Ocen alifikiria kukohoa, akaacha.

"Mama, kuchonga ulinificha kwamba ninajua."

"Unajua kidogo. Mguu ule wa nyuma niliona ulivyouziba kwa gundi, ukadhani mimi ni kipofu pia." Alivuta kiti kikaburuzika kidogo kuelekea meza. "Usiangalie huku. Shika patasi. Sasa, mwanangu, bibi wa kilimani anataka maua kwenye kichwa cha kitanda, na maua sijawahi kumfundisha mtu. Anza na jani. Si hapo. Juu kidogo. Hapo."

Ocen aliweka patasi hapo. Anena alikuwa amesimama katikati yao na msasa mkononi, anageuza uso kwa mama, anageuza uso kwa mume, akingoja neno la kupeleka, na hakuna aliyempa.